Parkinson kwenye ukoo: namna ya kupima vinasaba, na namna ya kupima tiba mbadala

Babu alikuwa na mkono unaotetemeka hadi siku anafariki. Sasa baba ana miaka 58, ameanza kuburuta mguu wa kulia, sauti imekuwa ya chini, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo watu wanaulizana: hii inarithiwa? Nani anafuata? Mmoja atatuma tangazo la kipimo cha DNA cha mate, mwingine atatuma picha ya kopo la unga wa upupu. Mwongozo huu ni wa familia iliyofika hapo.

Jambo moja liwekwe mezani mapema kwa sababu ndilo linalookoa pesa nyingi: kipimo cha vinasaba hakichagui dawa. Leo hii mgonjwa mwenye kasoro ya jeni na asiye nayo wote wanameza levodopa ileile, dawa kuu ya ugonjwa huu. Kipimo kinaeleza chanzo, kinawaonyesha ndugu wamesimama wapi, na mara nyingine kinamfungulia mgonjwa mlango wa kuingia kwenye majaribio ya dawa mpya. Bajeti ikitosha kitu kimoja tu, nunueni dawa ya miezi sita.

Tena majibu mengi hurudi matupu. Kati ya wagonjwa 100, kama 10 hadi 15 ndio wenye ndugu mwingine anayeugua. Mradi wa PD GENEration, ulioanzia Marekani mwaka 2019, ulipima zaidi ya wagonjwa 10,000 na kukuta kasoro yenye maana kwa asilimia 13 hivi.

Je, ni Parkinson kweli?

Kabla ya tone la damu, kusanyeni dawa zote ambazo mgonjwa amewahi kumeza katika mwaka uliopita na mziweke kwenye mfuko mmoja. Zipo dawa zinazozuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, kufanya kazi na kumfanya mtu awe mkakamavu, mzito na mwenye kutetemeka, kama Parkinson kabisa: haloperidol, Largactil na sindano za fluphenazine wanazopewa wagonjwa wa akili, Plasil na Stemetil za kutapika, na cinnarizine, ambayo wazee wengi huinunua dukani kwa ajili ya kizunguzungu na kuimeza miaka na miaka. Daktari akiiondoa, dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi kuisha. Kupima jeni za mtu aliyeuguzwa na kidonge cha kizunguzungu ni kutupa hela.

La pili ni mtetemeko wa kurithi usio Parkinson, ambao kwenye koo nyingi ndio unaosemwa kuwa “ugonjwa wetu wa kutetemeka”. Huu hujitokeza mkono unapofanya kazi: kunyanyua kikombe, kumimina chai, kutia uzi kwenye sindano. Wa Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja, mkono ukiwa umepumzika mapajani, na hupungua mtu akishika kitu. Mpeni karatasi isiyo na mistari, aandike sentensi moja mara tano. Mwandiko wa Parkinson husinyaa kadiri anavyoendelea, hadi mstari wa tano unafanana na nyayo za siafu. Mwandiko wa mtetemeko mwingine hubaki mkubwa, ila umejaa mawimbi.

Muulizeni pia mambo ambayo hayahusishi na ugonjwa: je, alipoteza uwezo wa kunusa miaka kadhaa kabla? Amekuwa akifunga choo? Mwenzake wa kitandani amewahi kupigwa ngumi au teke usiku kwa sababu alikuwa akipigana ndotoni? Mambo haya matatu mara nyingi hutangulia, wakati mwingine kwa miaka mingi. Kipimo cha damu cha kawaida au picha ya kichwa haithibitishi Parkinson. Anayethibitisha ni daktari wa mishipa ya fahamu kwa kumtazama mgonjwa, kumwendesha na kuona anavyoitikia levodopa.

Kuchora ukoo, na jinsi lugha inavyotuponza

Chukueni karatasi kubwa. Mwanaume mraba, mwanamke duara, mgonjwa mtieni kivuli, marehemu mpigeni mstari. Vizazi vitatu vinatosha. Hapa ndipo familia nyingi hukosea, na kosa lenyewe linatokana na adabu.

“Baba mkubwa” anaweza kuwa kaka wa baba kwa baba mmoja na mama mmoja. Anaweza kuwa kaka yake kwa baba mmoja tu. Anaweza pia kuwa mtoto wa kaka wa babu. Kwa heshima wote ni baba mkubwa na wote mtawaamkia shikamoo. Kwa vinasaba, wa kwanza anachangia nusu na baba yenu, wa pili robo, wa tatu sehemu moja ya nane. Daktari akisikia “baba mkubwa naye alikuwa nao” ataandika ndugu wa karibu, na hesabu yote inayofuata itapinda. Kwa hiyo pembeni ya kila jina andikeni wazi: baba mmoja mama mmoja, baba mmoja, mama mmoja, au wa ukoo tu. Aliyelelewa bila kuzaliwa humo awekewe alama yake.

Umri unaotakiwa ni ule wa dalili ya kwanza, wa kufariki hausaidii sana. Wazee wachache hukumbuka mwaka, ila wanakumbuka tukio: alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997? Alikuwa bado analima? Na aliyefariki akiwa na miaka 45 msimwandike “hakuwa na ugonjwa”. Mwandikeni “haijulikani”, kwa kuwa hakuishi hadi umri wa kuujua.

Ndoa za watoto wa ami, za kawaida Pwani, Zanzibar na Oman, zichoreni kwa mistari miwili kati ya mume na mke. Zina maana kubwa hapa. Jeni za PRKN, PINK1 na PARK7 huleta ugonjwa pale tu mtu anaporithi nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi waliotoka kwa babu mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nakala ileile. Picha yake ni hii: ndugu wawili au watatu wa tumbo moja wanaugua mapema, mara nyingi kabla ya miaka 40, na wazazi ni wazima. Jeni za SNCA, LRRK2 na VPS35 nakala moja mbovu inatosha, hivyo ugonjwa huonekana kizazi baada ya kizazi, ingawa LRRK2 hupenda kuruka mtu.

Wa kwanza kupimwa ni mgonjwa

Mara nyingi anayetaka kupimwa ni binti mwenye miaka 30, mzima, mwenye hofu na mwenye kadi ya benki. Akipimwa yeye peke yake na kisionekane kitu, hajajua lolote: labda hakurithi kasoro, labda ukoo hauna kasoro inayojulikana, labda kipimo hakikuitazama. Apimwe baba kwanza. Kasoro ikionekana kwake, ndugu wengine hupimwa kasoro hiyo moja tu, kwa bei ndogo na jibu la ndiyo au hapana. Isipoonekana kwa baba, hakuna sababu ya kumpima binti.

Anayefaa zaidi ni aliyeanza kuugua kabla ya miaka 50, au mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto anayeugua. Walio chini ya miaka 18 na ni wazima hawapimwi. Hakuna dawa ya kuzuia ambayo wangepewa, na haki ya kujua au kutojua ni yao wakishakua.

Kabla ya kutoa sampuli, mtu mzima asiyeumwa akae na mshauri wa vinasaba, au daktari anayejua kazi hiyo, aulizwe maswali yasiyopendeza. Ukiambiwa unayo, nani atajua? Utamwambia mchumba? Umeshakata bima ya maisha? Walioko Marekani wajue kwamba sheria ya GINA ya 2008 inawalinda kwenye ajira na bima ya afya, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Kenya, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania, kwa sheria yake ya 2022, zinahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo mna haki ya kuuliza zitahifadhiwa wapi na na nani. Na kuna lile ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: ndugu kadhaa wakipimwa pamoja, kipimo kinaweza kufichua kwamba mmoja si mtoto wa baba. Kubalianeni mapema kama mnataka kuambiwa au la.

Kipimo kipi

Hapa ndipo pesa hupotea.

Vile vikopo vya mate vinavyouzwa mtandaoni, kama cha 23andMe, kwa upande wa Parkinson hutazama sehemu mbili tu: LRRK2 G2019S na GBA1 N370S. Ya kwanza ni ya kawaida kwa Wayahudi wa Ashkenazi, na kwa Waamazigh na Waarabu wa Afrika Kaskazini, ambako inakutwa kwa karibu wagonjwa 4 katika kila 10. Kwa Waafrika weusi wa kusini mwa Sahara ni kama haipo. Kwa hiyo Mpare, Mjaluo au Mngazija akiambiwa “hujakutwa na kasoro”, ameambiwa kwamba hana kitu ambacho ukoo wake usingetarajiwa kuwa nacho. Jibu lenyewe si uongo, ila halijamgusa.

Kipimo cha maana ni cha kundi la jeni kinachofanywa na maabara ya tiba. Iandikieni maabara kabla ya kulipa, na mtake majibu ya maandishi kwa haya:

Je, jeni saba hizi zote zimo: SNCA, LRRK2, VPS35, PRKN, PINK1, PARK7 na GBA1?

Je, mnatafuta vipande vilivyokatika au kujirudia, kwa njia ya MLPA au nyingine? Kwa PRKN swali hili ni la lazima, kwa kuwa karibu nusu ya kasoro zake ni vipande vizima vilivyonyofoka au vilivyowekwa mara mbili. Mashine inayosoma herufi mojamoja inafanana na msomaji mwenye nakala mbili za kitabu kimoja. Ukurasa ukichanwa kwenye nakala moja, anausoma kwenye ya pili na hatambui kitu.

Je, GBA1 mnaitenganishaje na pacha wake? Karibu na jeni hii kuna nakala iliyokufa inayofanana nayo mno, na kipimo cha ovyo huzichanganya, kikatangaza kasoro isiyokuwepo au kikaikosa iliyopo.

Je, mnaripoti rs3115534? Swali hili wauzaji wengi hawalitarajii. Mwaka 2023, utafiti uliofanywa na Wanaijeria na washirika wao, uliochapishwa katika The Lancet Neurology, ulionyesha kwamba badiliko hili ndani ya GBA1 linaongeza uwezekano wa Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika: mara 1.5 hivi kwa mwenye nakala moja, mara 3.5 hivi kwa mwenye mbili. Kwa Wazungu halikuonekana mapema kwa sababu kwao ni nadra sana. Lipo kwenye sehemu ya jeni isiyoandika protini, na vipimo vingi hutazama sehemu zinazoandika tu. Wakisema hawaliripoti, mnaweza bado kuchukua kipimo hicho, ila msidanganywe kwamba ni kamili.

Kama kwenye ukoo kuna watu wanaopepesuka wakitembea kama walevi, au ambao macho hayafuati kidole vizuri, ombeni vipimo vya SCA2 na SCA3, magonjwa mengine ya kurithi, kando. Magonjwa hayo huweza kujificha kwenye sura ya Parkinson na hata kuitikia levodopa, na kasoro yake, yaani herufi zilizojirudia kupita kiasi, haionekani kwenye usomaji wa kawaida.

Kuhusu pa kupima: walioko Marekani na Kanada waanze na PD GENEration, ambayo hupima mgonjwa bure jeni zote saba na kumpa mshauri wa kumsomea majibu. Kwa Tanzania na Kenya, ulizeni kliniki ya mishipa ya fahamu kuhusu utafiti. Mradi wa TraPCAf, wa utafiti wa Parkinson barani Afrika, umehusisha nchi saba, zikiwemo hizi mbili, na eneo la Hai mkoani Kilimanjaro lina historia ndefu: utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa 2008 ulitafuta wagonjwa katika watu 161,071, ukawapata 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Ila someni fomu ya ridhaa kabla ya sahihi. Utafiti mwingi haurudishi majibu kwa mtu mmojammoja, na kama haurudishi, mmechangia sayansi lakini swali la ukoo liko palepale.

Sampuli

Damu ni bora kuliko mate pale inapowezekana. Mililita 3 hadi 5 kwenye tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 mara tu inapojaa. Ikitikiswa kwa nguvu chembe hupasuka, isipopinduliwa huganda, na damu iliyoganda hurudishwa. Iwekwe kwenye friji, isigandishwe barafu, isafirishwe ndani ya siku chache. Majina mawili kwenye tyubu yafanane na ya kwenye fomu: “Mama Rehema” kwenye tyubu na jina la kitambulisho kwenye fomu ni sampuli iliyopotea. Kama inatoka nje ya nchi, ulizeni nani anashughulikia kibali, kwa maana si kazi ya mgonjwa kwenda nayo posta.

Kwa mate, nusu saa kabla hakuna kula, kunywa, kuvuta, tambuu wala miraa. Suuza kinywa kwa maji, subiri, kisha tema hadi kwenye mstari. Povu halihesabiwi. Wagonjwa wa Parkinson huonekana kama wana mate mengi kwa sababu hawayamezi, lakini wanaotumia Artane, dawa ya kupunguza mtetemeko, huwa na kinywa kikavu na wanaweza kuhitaji dakika 20. Sugueni mashavu yake kwa nje, au mnusisheni limau, asililambe.

Kusoma karatasi ya majibu

Kuna makundi matano: yenye kuleta ugonjwa, yenye uwezekano mkubwa wa kuleta, isiyojulikana maana, yenye uwezekano mkubwa wa kutodhuru, na isiyodhuru. Waafrika hupata zaidi lile la katikati, kwa kuwa hazina za kulinganishia zimejaa vinasaba vya Wazungu. “Isiyojulikana maana” msiifanyie uamuzi wowote, wala ndugu wasipimwe kwa ajili yake. Rudini maabara baada ya mwaka mmoja au miwili kuuliza kama imehamishwa kundi.

Nakala moja mbovu ya PRKN inamfanya mtu awe mbebaji. Bado haijaeleza ugonjwa wake, na hapo ndipo swali la MLPA linarudi: je, nakala ya pili walitafuta vipande? Mwenye nakala mbili, kila ndugu yake wa baba mmoja mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa hivyo pia. Watoto wake wote watakuwa wabebaji, na karibu hakuna atakayeugua, isipokuwa mke au mume naye ni mbebaji, na ndiyo maana ile mistari miwili kwenye karatasi ilihitajika. Mwenye LRRK2, kila mtoto ana asilimia 50 ya kurithi, lakini kurithi si kuugua: makadirio ya watakaougua hadi kufikia miaka 80 yanatoka kama robo hadi robo tatu, kutegemea jamii iliyochunguzwa. GBA1 ni hatari iliyoongezeka tu, na walio wengi wenye nayo hawaugui kamwe.

Dawa yenyewe, kabla ya mbadala

Watu wengi hukimbilia tiba mbadala kwa sababu “vidonge vilimtapisha”. Tazameni boksi. Namba iliyoandikwa mara nyingi ni jumla ya dawa mbili: 110 ni levodopa 100 na kabidopa 10, 125 ni 100 na 25, 275 ni 250 na 25. Kabidopa ndiyo inayozuia levodopa isigeuzwe dopamini tumboni na kwenye damu kabla haijafika ubongoni, na mwili kwa kawaida huhitaji angalau miligramu 70 hadi 100 za kabidopa kwa siku. Mgonjwa anayeanza na kidonge kimoja cha 110 mara tatu anapata 30 tu. Anayegawa cha 275 nusu mara tatu anapata 37.5. Si ajabu akitapika. Mwulizeni daktari kama 125 inapatikana kabla ya kumtangaza kwamba dawa imemkataa. Na ya kutapika isiwe Plasil. Domperidone ndiyo inayofaa, daktari akishajiridhisha na moyo.

Kosa la pili ni chakula. Levodopa hugombea njia moja na protini. Kidonge kikimezwa na ugali maharage au chai ya maziwa, hakifiki vizuri. Kimezwe nusu saa kabla ya kula au saa moja na zaidi baada, kwa maji. Kichefuchefu kikisumbua, kipande cha muhogo au ndizi na chai ya rangi havizuii kitu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vikae mbali kwa saa mbili. Na dawa isikatwe ghafla, hata kama mtu kaambiwa “safisha mwili kwanza”: homa kali na ukakamavu vinavyofuata vinaweza kuua.

Upupu

Huu ndio mmea ulioko kwenye makopo yanayoandikwa Mucuna pruriens, uleule unaowasha watoto wakipita kichakani. Mbegu zake zina levodopa halisi, kama asilimia 5 ya uzito wa mbegu kavu. Nchini Bolivia, wagonjwa 18 walipewa unga wa mbegu zilizokaangwa, na ulifanya kazi sawasawa na vidonge. Mbegu zilikaangwa kwa sababu kuchemsha kunaweza kupoteza hadi asilimia 70 ya levodopa.

Kwa hiyo upupu ni dawa ileile bila kabidopa, na maswali yote ni ya hesabu. Gramu moja ya unga ina kama miligramu 50. Bila kabidopa, mtu huhitaji levodopa mara nne hadi tano zaidi, kwa hiyo kazi ya kidonge kimoja cha miligramu 100 itahitaji gramu 8 hadi 10 za unga, yaani kijiko kidogo hakitoshi. Kinyume chake ndicho kinachopeleka watu hospitali: mgonjwa ambaye tayari anameza vidonge vyenye kabidopa anaongezewa gramu 10 za unga, na sasa miligramu 500 zinaingia zikiwa zimelindwa. Atajinyonganyonga, shinikizo la damu litashuka akisimama, na usiku ataona watu wasiokuwepo chumbani.

Makopo hayasaidii hesabu. Uchunguzi wa bidhaa zilizouzwa Marekani ulikuta dozi moja ikiwa na levodopa kuanzia miligramu 2 hadi zaidi ya 200. Na katika jaribio la wiki 16, nusu ya wagonjwa 14 waliacha upupu kwa sababu ya tumbo au kwa kuwa hali ilizorota. Pale vidonge vinapokosekana kabisa au bei haishikiki, unga wa kukaanga uliopimwa kwa mizani, ukisimamiwa na daktari, una hoja. Vidonge vikiwepo, hauna.

Ful, aina ya maharage inayopendwa Oman na Misri, nayo ina levodopa kwenye maganda mabichi, kwa kiasi kisichotabirika. Kabla ya kuila kama dawa pimeni G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu: upungufu wake ni wa kawaida Pwani na Ghuba, na ful inaweza kupasua chembe nyekundu za damu ndani ya siku moja au mbili.

Yaliyobaki

Coenzyme Q10, kirutubisho cha vidonge, ilijaribiwa kwa miligramu 1,200 na 2,400 kwa siku, haikusaidia. Creatine gramu 10 kwa siku, wagonjwa 1,741, haikusaidia. Vitamini E pia. Dripu za glutathione, zilezile za kujichubua, hazijathibitishwa. Habbat soda haina jaribio la kuaminika linaloifanya mbadala wa levodopa. Hijama haitibu Parkinson, na kwa mtu ambaye shinikizo lake hushuka akisimama, kutolewa damu kunaweza kumwangusha. Kliniki zinazouza seli shina kwa maelfu ya dola, kimbieni: majaribio ya kweli hayamtozi mgonjwa.

Ambroxol ni mtihani zaidi, kwa sababu ni dawa ya kikohozi iliyoko kila duka na inatafitiwa kweli kwa wenye GBA1. Ila utafitini hutumika gramu 1.26 kwa siku, huku ya kikohozi ni miligramu 90 hivi. Kunywa chupa baada ya chupa ili kufikia hapo ni kunywa sukari na kemikali nyingine za sharubati, kwa dawa ambayo bado haijathibitishwa.

Kati ya yasiyo dawa ya hospitali, mazoezi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko yote yaliyotajwa hapa. Nusu saa, siku nne kwa wiki, kwa kasi ambayo unaweza kuitikia salamu lakini huwezi kuimba. Anayeganda mlangoni, bandikeni utepe sakafuni kila sentimita 40 hivi: akilenga kukanyaga mistari, miguu hufunguka.

Kupima tiba nyumbani

Tumaini lenyewe huongeza dopamini kwenye ubongo wa mgonjwa wa Parkinson kwa muda, na hilo limeonekana kwenye picha za ubongo. Kwa hiyo “anajisikia nafuu” kwa wiki mbili hakuthibitishi kitu. Fanyeni hivi: wiki mbili za kwanza bila kubadili chochote, kila siku kwa saa ileile, kabla ya dozi ya asubuhi na saa moja baada yake. Aketi na kusimama mara tano bila kushika, mpime sekunde. Agonge kidole gumba na cha shahada kwa sekunde 10, mhesabu. Aandike ile sentensi. Pimeni shinikizo akiwa ameketi, kisha baada ya kusimama dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, simamisheni mpango na mpigieni daktari.

Kisha ongezeni kitu kimoja, kimoja tu, kwa wiki nne, daktari akiwa ameafiki. Anayehesabu asiwe yule aliyelipia kopo. Mchukueni video siku ya kwanza na ya mwisho, kwenye kiti kilekile, na mpeni mtu ambaye hajui ipi ni ipi azitazame. Namba zisipobadilika, acheni. Q10 inaachwa siku hiyohiyo. Upupu unapunguzwa hatua kwa hatua na daktari, kama levodopa nyingine yoyote, na kopo lenyewe, si picha yake, liende naye kliniki.